Goma hadi Bukavu na kuendelea: kanoti ya asubuhi, boti ya usiku au kuzunguka kwa Rwanda?

Kila likizo ikikaribia, simu yangu hujaa swali moja: "Yaya (dada mkubwa), tupande nini?" Wanaouliza ni wadogo zangu, mashemeji, jirani wa hapa Himbi, mtaa wetu wa Goma, anayempeleka mgonjwa hospitali ya Panzi kule Bukavu, mama wa kanisani anayekwenda kwenye harusi Kamembe, mji wa Rwanda ng'ambo ya Bukavu. Nimezaliwa Kadutu, Bukavu, na nimeolewa Goma. Mama yangu yuko kusini mwa ziwa, watoto wangu wanasoma kaskazini. Nimelivuka Ziwa Kivu kwa kanoti ya haraka, yaani boti ndogo ya abiria yenye kasi, kwa boti kubwa za mchana na za usiku, na nimelizunguka kwa basi upande wa Rwanda. Kwa hiyo nikiulizwa tupande nini, nami huuliza: mnataka kushuka saa ngapi, na mkishuka mnaelekea wapi?

Swali hilo la pili ndilo linalosahaulika. Kwa watu wengi bandari ya Bukavu si mwisho wa safari. Kuna anayeendelea hadi Kamembe, anayetafuta basi la Kigali, anayepanda Kavumu au Walungu, anayeteremka Kamanyola na Uvira. Na upande wa kwetu Goma, kuna anayeshuka na kuvuka mpaka siku hiyohiyo kwenda Gisenyi, Rwanda. Ukichagua chombo kwa kuangalia nauli na kasi peke yake, unaweza kuwahi bandarini ukachelewa kule unakokwenda.

Jambo moja litangulie. Njia zote ninazozilinganisha hapa huguswa na vita. Mapigano yalipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, vyombo vya ziwani vilisimama, kisha vikarudi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa siku hizohizo, ndiyo maana ndege siiweki kwenye mizani. Saa za mpaka nazo hubadilika: Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kupigwa risasi na kufa pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na Gisenyi, mpaka ukaanza kufungwa saa tisa alasiri, na wafanyabiashara wadogo waliozoea kurudi jioni wakajikuta nje. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari, pita bandarini mwenyewe au mpigie mtu aliyeko pale, umuulize mambo mawili tu: chombo cha kesho kipo, na mpaka unafungwa saa ngapi? Jibu la mwezi uliopita usilitumie.

Kanoti ya haraka

Kati ya Goma na Bukavu kuna kama kilomita 100 za maji. Kanoti ya haraka huzimaliza kwa muda wa saa tatu hivi. Unakaa kama ndani ya basi: viti vimepangwa, madirisha yamefungwa, mkoba mdogo miguuni. Hutembeitembei. Nauli yake ndiyo ya juu kuliko zote za ziwani. Pesa ya mtu mmoja wa kanoti inaweza kuwavusha watatu katika daraja la chini la boti kubwa, tena ikabaki ya chai. Na mizigo inahesabiwa. Ukija na magunia mawili ya maharage watakutuma kwenye boti kubwa, na wana haki.

Lakini unacholipia si kasi peke yake. Unalipia saa ya kushuka. Kanoti ikitoka Goma saa moja na nusu asubuhi, kabla ya saa tano uko Bukavu. Ofisi ziko wazi, daraja la Ruzizi la kuvukia Rwanda liko wazi, magari ya Kamanyola na Uvira bado yanajaza watu, na ukikosa gari la kwanza kuna la pili. Mchana mzima ni wako.

Kanoti ya baada ya adhuhuri ni safari nyingine kabisa, hata kama chombo ni kilekile na nauli ni ileile. Asubuhi Kivu huwa limetulia kama maji ndani ya beseni. Mchana upepo huamka, hasa miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, na msimu wa mvua dhoruba za alasiri hupenda kukukuta katikati. Mwaka mmoja nilichagua ya alasiri kwa sababu nilitaka kumaliza kwanza manunuzi yangu soko la Virunga. Nilikuwa na mtoto wangu wa mwisho, na binamu yangu aliyekuwa anakwenda Kamembe. Tulipokuwa tumeshaliacha eneo la kisiwa cha Idjwi, injini moja ikanyamaza. Tukaendelea kwa ile iliyobaki, polepole, mawimbi yakitupiga ubavuni, mtoto akitapika mapajani mwangu. Tulifunga Bukavu giza limeingia. Daraja limefungwa. Binamu yangu alilala kwa mama yangu Kadutu, akavuka asubuhi, na shughuli aliyoifuata Kamembe akaikosa. Yeye alikuwa na mahali pa kulala. Asiyekuwa na mama Kadutu angelipa hoteli, na hapo ile nauli ya kanoti ingekuwa imepanda maradufu.

Tangu siku ile nina kanuni: kanoti ni ya asubuhi. Kama ya asubuhi imejaa, napanda boti ya usiku au nangoja kesho.

Boti kubwa

Hizi ni boti za chuma zenye ghorofa, zinazobeba watu na mizigo pamoja. Safari ya mchana huchukua saa tano au sita, na ya usiku huondoka Goma jioni na kufunga Bukavu alfajiri. Kuna madaraja. Chini kabisa ni mabenchi na harufu ya mafuta ya injini, vitunguu, magodoro, viazi vya Masisi, makreti ya bia, na sauti za akina mama wanaojuana tangu zamani. Juu kuna viti vya kulalia kidogo, na baadhi zina vyumba vyenye vitanda. Tofauti ya nauli kati ya chini na juu ni kubwa, na kwa safari ya usiku nakushauri usibane pesa hapo kama una mtoto au mzee. Ziwa letu liko juu sana, kama mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na usiku baridi yake huingia mifupani. Beba kitenge cha pili, au blanketi. Soksi pia.

Napenda boti ya usiku, na siwezi kuficha. Ukisimama kwenye reli saa nne usiku unaona taa za wavuvi wa sambaza, dagaa wetu wa ziwani, mitumbwi yao mitatumitatu iliyofungwa pamoja, na upepo ukiwa mzuri unawasikia wakiimba. Samaki hao wenyewe waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huwezi kufikiria Bukavu bila sambaza za kukaanga. Kwa mtu anayesafiri bila haraka, nauli ya usiku ni nauli na kitanda kwa pamoja.

Sasa upande wake mgumu. Boti ikifunga saa kumi na mbili asubuhi, haina maana kwamba wewe umeshuka saa kumi na mbili. Abiria ni wengi, ngazi ni moja, mizigo inagombaniwa, na maofisa wa uhamiaji wanaangalia vitambulisho hata kama hujatoka nje ya nchi. Mwenye mkoba mmoja huwa ametoka ndani ya nusu saa. Mwenye magunia saba anaweza kuwa bado anabishana na wabebaji saa mbili. Mpatane bei na mbebaji kabla hajainua kitu, kwa kila gunia, na mtu wako mmoja asimame na mzigo huku mwingine akisimama mlangoni. Kama uko peke yako, tafuta mama mwenzako mmoja ndani ya boti usiku huo, mkubaliane kulindiana. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi na sijawahi kujuta.

Pamoja na ucheleweshaji huo, kwa anayeendelea mbele boti ya usiku inashinda ile ya mchana bila ubishi. Ya mchana inakula siku yako yote na kukushusha alasiri, wakati ambao magari ya mbali yameshaondoka. Hiyo ya mchana ni nzuri kwa anayeishia Bukavu na mwenye pesa ndogo, au kwa mgeni anayetaka kuliona ziwa. Na ni ziwa la kuonwa: Idjwi inakusindikiza kwa muda mrefu, kijani juu ya kijani, na upande wa Rwanda karibu na Karongi kuna mtambo unaoelea juu ya maji unaovuta gesi ya methani kutoka chini ili kutoa umeme, megawati 26, tangu 2016.

Boti za mbao

Hapa sitalinganisha bei. Boti za mbao na mitumbwi mikubwa yenye injini hutoka Kituku na bandari nyingine ndogo kwenda Minova, Kalehe na Idjwi, na kuna watu wanaoziunga moja baada ya nyingine hadi Bukavu kwa pesa ndogo sana.

Aprili 2019 moja ilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi alipofika huko alizungumzia watu wapatao 150 ambao hawajulikani waliko. Ikaamriwa kila abiria avae jileti ya kuokolea maisha. Kisha tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ikapinduka ikiwa imeshakaribia kabisa kufunga Kituku. Watu waliokuwa wamesimama bandarini kuwapokea ndugu zao waliona kwa macho yao. Nilikuwa Goma siku ile. Jirani yetu alitoka mbio kwenda Kituku akiwa na ndala za nyumbani, na aliporudi usiku hakuna aliyemuuliza neno.

Wasiojua huwalaumu waliopanda. Wangepanda nini? Barabara ya Goma hadi Minova ilikuwa imekatwa na mapigano kule Shasha tangu Februari mwaka huo. Gari halipiti, mtoto anangoja Goma, na bidhaa ya kuuza ni ndizi zinazooza. Zikabaki boti za mbao, na watu wote wa barabara wakahamia juu ya maji. Ndiyo maana nasema chombo huwezi kukihukumu bila kuuliza njia nyingine ziko katika hali gani wiki hiyo: barabara ikifungwa, boti zinajaa, na ile iliyokuwa salama wiki jana si salama leo.

Kwa hiyo, kama unakwenda Bukavu na una uwezo wa kungoja siku moja ili upate boti ya chuma, ngoja. Kama unakwenda Minova au Idjwi na hakuna kingine, panda ya kwanza ya asubuhi, hakikisha jina lako na la kila mtoto yameandikwa kwenye orodha, na jileti uivae mwilini badala ya kuikalia. Orodha si karatasi ya kodi. Chombo kikipata shida, ndiyo inayoiambia familia yako imtafute nani. Na ukiona maji yako karibu kushika ukingo kabla hata hamjaondoka, shuka. Pesa ya tiketi iache iende.

Kuzunguka kwa Rwanda

Barabara ya lami upande wa Rwanda inafuata ziwa kutoka Gisenyi, kupita Karongi na Nyamasheke, hadi Kamembe. Ni zaidi ya kilomita 200, na kwa kona zake ni safari ya saa tano hadi saba, ukihesabu na kungoja. Unavuka mpaka Goma, unapanda basi Gisenyi, unashuka Kamembe, unateremka hadi Ruzizi, unavuka mpaka tena, uko Bukavu.

Kwa anayeogopa maji, njia hii ni mkombozi. Mama mkwe wangu hajakanyaga boti tangu 2019 na hatakanyaga tena, na kwa basi la Rwanda ameweza kuhudhuria ubatizo wa wajukuu wake wawili Bukavu. Nauli ya basi peke yake ni ndogo kuliko kanoti. Ila jumlisha moto (pikipiki za abiria) za pande nne, pesa unayopoteza ukibadilisha faranga mara mbili, na chakula cha njiani. Mwisho wa hesabu tofauti hupungua.

Yapo mambo matatu yanayowakwamisha watu, na yote yanaepukika.

La kwanza ni hati. Ile karatasi ya kuvuka kwa siku, ambayo sisi huiita jeto, imetengenezwa kwa watu wa mpakani wanaoingia na kurudi palepale. Kuingilia Gisenyi na kutokea Kamembe ni safari nyingine. Chukua pasipoti au hati ya CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi, iliyo hai, na kitabu cha njano cha chanjo usikiache nyumbani. Nimemuona kijana akirudishwa Ruzizi na kuambiwa atokee alikoingilia. Kona zile zote, mara ya pili, siku moja.

La pili ni mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku 2008 na wanaangalia kweli. Hamisha vitu vyako kwenye mfuko wa kitambaa ukiwa bado Birere, mtaa wa Goma ulio karibu na mpaka, kabla hujafika bariyeri, yaani kituo cha mpakani, la sivyo utakuta unga wako umemwagwa mikononi mwako huku mfuko ukichukuliwa.

La tatu ni tumbo. Kona hazina mwisho. Mtoto asishibe kabla ya kuondoka, mkae mbele, tangawizi mbichi iwe mkobani.

Hapo nifanye hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Anayetoka Goma kwenda Bukavu kwa njia hii anavuka mipaka miwili. Lakini anayekwenda Kamembe anavuka mmoja tu! Yule mama wa kanisani wa harusi alikuwa ameshapanga kanoti, halafu moto hadi Ruzizi, halafu mpaka, halafu kupanda Kamembe na gauni lake begani. Nilimwambia: mama, vuka Gisenyi asubuhi, kaa kwenye basi, shuka Kamembe mlangoni kwao. Ziwa la nini? Vilevile anayetoka Goma kwenda Kigali asifikirie Bukavu hata kidogo. Kutoka Gisenyi, kupitia Musanze, ni saa tatu hadi nne. Kupitia Bukavu angeongeza ziwa zima na msitu wa Nyungwe.

Barabara ya Kongo

Watu huuliza, na mimi hujibu kwa kifupi. Barabara ya taifa namba 2, kutoka Goma kwa Sake, Minova, Kalehe na Kavumu, ni kama kilomita 200 na sehemu kubwa ni udongo. Mwezi Mei 2023 mito ilishuka na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, ikaua zaidi ya watu 400. Kuna vizuizi, kuna matope, kuna sehemu ambazo gari la mbele likikwama nyote mnalala. Ni njia ya wanaoishi kandokando yake na ya malori. Kwa anayetoka mji hadi mji siipendekezi.

Ukishashuka Bukavu

Wageni kutoka Goma huchanganyikiwa hapa, maana Goma ni tambarare na Bukavu ni milima inayoshuka moja kwa moja majini. Mji umejinyoosha kwenye rasi tano kama vidole vya mkono, na bandari ziko chini, kandokando ya ziwa. Mahali unapopaona kwa macho ukiwa kwenye boti panaweza kukutaka uzunguke ghuba nzima kwa barabara.

Toka kwanza nje ya geti. Wenye moto walio karibu na ngazi wanamjua anayeshuka kwa mara ya kwanza, na bei yao ni ya mgeni. Panda hadi barabara kubwa, hatua mia mbili tatu, ndipo useme unakokwenda. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Mama, tunaenda?"

"Nguba, bariyeri ya Ruzizi. Ngapi?"

"Leta elfu tano."

"Mwanangu, mimi ni wa Kadutu."

Akicheka, bei imeshuka.

Kwa Kamembe, elekea Nguba hadi Ruzizi ya kwanza; si mbali, na asubuhi moto inakufikisha upesi kuliko taksi, kwa kuwa barabara ni moja na msongamano wake haumheshimu mtu. Ukishavuka daraja, mji wa Kamembe uko juu ya kilima na moto za Rwanda zitakupandisha, abiria mmoja mmoja, kofia kichwani. Mabasi ya Kigali kupitia Nyungwe yanaondokea huko, na ni kama saa sita za njia. Ukifika Kamembe baada ya saa nane mchana, jiandae kufika Kigali usiku.

Kwa Panzi na kwa Uvira, useme Essence, ndilo jina la mahali pa kupandia magari ya huko. Aliye na mgonjwa asithubutu moto. Achukue taksi nzima, alipie viti vyote, na amwambie dereva mapema kwamba anakwenda hospitali, kwa sababu barabara ya Panzi ikijaa inajaa kweli.

Uvira yenyewe ina mlinganisho wake mdogo. Kuna njia ya ndani, kwa Nyangezi na mteremko wa Ngomo, yenye kona juu ya korongo ambazo hata madereva wa siku nyingi huzipita kimya. Na kuna ya kupitia Rwanda: unavuka Ruzizi, unafuata lami hadi Bugarama, unarudi Kongo Kamanyola, ndipo unashuka bondeni. Ya pili ni laini zaidi kwa mwili lakini inadai hati na mipaka miwili. Mimi mvua ikinyesha sipiti Ngomo. Kiangazi, gari likiwa zima na dereva hajanywa, napita. Na anayekwenda Bujumbura akumbuke kwamba Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Hapo alipoingia Rwanda hawezi kuhesabu kutokea Burundi, na bonde la Ruzizi lenyewe limeona mapigano. Asiondoke Bukavu bila habari ya asubuhi hiyo kutoka kwa mtu aliyeko Uvira.

Ukishashuka Goma

Huku ni rahisi. Bandari ya umma haiko mbali na katikati ya mji, ardhi ni tambarare ya mawe ya volkano, na moto zinafika popote. Ukishukia Kituku uko magharibi zaidi, upande wa Kyeshero, ongeza dakika za kufika mjini.

Kwa Gisenyi kuna milango miwili. Petite Barrière iko upande wa Birere, ni ya waenda kwa miguu, na asubuhi ina umati wa akina mama wenye mabeseni kichwani ambao utadhani nchi nzima inahama. Grande Barrière iko kando ya ziwa, ni ya magari na ya wenye pasipoti, na foleni yake huwa fupi. Anayeendelea Kigali na sanduku apite Grande. Mwenye jeto na kikapu apite Petite kama wenzake. Na kama boti yako imefunga jioni, lala Goma. Usikimbilie bariyeri gizani na mkoba wa pesa.

Basi ninavyowaambia

Mwanafunzi mwenye mkoba mmoja na pesa ya kuhesabu: boti ya usiku, daraja la chini, blanketi. Jirani yangu wa Panzi: kanoti ya asubuhi, hata kama ni kukopa, kwa sababu mgonjwa hakai saa sita kwenye benchi na hospitali inapokea vizuri kabla ya mchana. Mfanyabiashara wa vitunguu hana cha kuchagua, ni boti kubwa, ila ahakikishe ni ile ya kufunga alfajiri ili soko la Kadutu limkute na mali mkononi. Wa Kamembe na wa Kigali, basi la Gisenyi. Wa Uvira, alale kwanza Bukavu usiku mmoja kama ana ndugu. Kama hana, kanoti ya saa moja na nusu na moja kwa moja Essence.

Mama yangu ana hesabu yake. Saa tano asubuhi hupanda juu ya kilima nyuma ya nyumba, mahali ambapo ziwa linaonekana, akaangalia kama kanoti imeingia. Akiiona ndipo anaweka fufu jikoni.